Mume wangu anasali, mimi nakoroga uji

*Shangazi, Bwana Yesu asifiwe. Nina watoto wawili na nauza dukani hapa Morogoro. Naamka saa kumi na nusu: uji, maji ya kuoga, sare za shule. Wakati huo mume wangu yuko sebuleni na Biblia yake mpaka saa kumi na mbili. Jioni mbili nina mazoezi ya kwaya, Jumatano maombi ya akina mama. Zamani nilikuwa na muda wangu na Mungu kila siku, sasa hata mwezi unapita. Mume wangu anasema nimepoa kiroho. Nifanyeje?*
*Mama Wawili*

Amina, mdogo wangu. Aliyepoa kiroho haumii hivyo. Ninachokiona ni nyumba ambayo mmoja anakaa na Mungu kwa utulivu kila alfajiri kwa sababu mwenzake ameibeba asubuhi yote.

Basi mwambie, tena waziwazi, usingoje agundue mwenyewe. Mwombe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yeye awaogeshe watoto na kuwapa uji, nawe uingie chumbani ufunge mlango. Waefeso 5:25 inawataka waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Anayeamka kusoma maneno hayo anaweza kushika mwiko.

Watakaokutajia Martha na Mariamu, wale dada wawili, mmoja akihangaika na kazi za nyumba na mwenzake ameketi akimsikiliza Yesu, hawatakosekana. Soma mwenyewe Luka 10. Yesu hakumkataza Martha kupika. Alimwambia anasumbukia vitu vingi. Kwa hiyo tuviangalie hivyo vingi vyako. Mwambie kiongozi wa kwaya kwamba kwa sasa utakuja zoezi moja kwa wiki. Najua watanung'unika, na sauti ya pili itapungua. Lakini unaweza kumwimbia Mungu kila Jumapili mbele ya kanisa zima na bado hamjaongea tangu mwezi uliopita. Umeniandikia hivyo wewe mwenyewe.

Napenda sana ile habari ya Kapernaumu katika Marko 1. Jioni mji wote ulikuwa mlangoni, wagonjwa tele. Alfajiri Yesu akaondoka kwenda mahali pasipo watu, akaomba. Simoni na wenzake wakamfuata: "Watu wote wanakutafuta." Hakuomba radhi, wala hakurudi kwa ule umati, alisema waende vijiji vingine. Nawe utatafutwa. Siku za mwanzo mtoto atagonga akiulizia soksi. Baba yake yupo, atazitafuta.

Usianze na saa nzima. Robo saa inatosha: mistari michache ya Marko, kisha zungumza na Mungu kwa maneno yako ya kawaida, hata kama siku hiyo ni machozi matupu. Tumia Biblia ya karatasi na simu uiache mbali, maana ukifungua Biblia ya kwenye simu utakutana na WhatsApp kwanza.

Wala usijilazimishe kuamka saa tisa ili kufidia. Nabii Eliya alipochoka akatamani kufa chini ya mti wa mretemu, malaika alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndipo akaenda mlima Horebu kuisikia sauti ya Mungu. Mungu anaujua mwili wako kuliko unavyoujua wewe.

Mume wako akikubali, anzeni Jumatatu hii. Akikataa, nendeni wote wawili kwa mchungaji wenu, na umweleze asubuhi yako yote kama ulivyonieleza mimi, tangu saa kumi na nusu.