Badala ya Rothenburg, jaribu Quedlinburg

Dada, umesema Rothenburg ya Ujerumani na Hallstatt ya Austria zimejaa watu, unataka mji wa kihadithi ambao mtu anatembea kwa nafasi. Mimi ningekupeleka Quedlinburg, kando ya milima ya Harz, Ujerumani. Uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1994, na una nyumba zaidi ya elfu moja za fremu ya mbao. Zisogelee uzitazame: nyingi kuta zake ni fito na udongo, kama nyumba zetu za kijijini, ila boriti zimechongwa nakshi na kupakwa rangi, na ghorofa ya juu inachomoza juu ya njia. Panda mpaka kanisa la kilimani, halafu teremka uingie Wordgasse, kichochoro chenye nyumba kuukuu iliyogeuzwa makumbusho. Ulale hukohuko, jioni wageni wa kutwa wakishaondoka, ndipo mji unapokuwa mtamu.

Siku zikibaki, ongeza Telč, mji mdogo wa Cheki. Viza ni ileile ya Schengen, inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Uwanja wa katikati ya mji umezungukwa na baraza za matao, na kasri liko pembeni yake, lakini usipange Jumatatu, maana makasri mengi ya Cheki hufungwa siku hiyo.