Re: Mwani wa mama unageuka mweupe na kukatika, kuna mtu kamwaga dawa?

Dada pole sana, hakuna aliyemwaga kitu hapo. Ule weupe, tawi linalainika kama limechemshwa halafu linakatika lenyewe linabaki fundo tu kwenye kamba, ni ugonjwa unaokuja maji yakipata joto sana, na huku Unguja siku za bamvua, maji yakipwa sana, bahari inatoka saa nne saa tano asubuhi jua linaupiga mwani kwenye maji ya magotini, ukishachoka vijidudu vinaingia. Kuna aina mbili za mwani tunazolima: kotonii ndo inaumia zaidi na ndo yenye bei, spinosamu inavumilia ila hela yake ndogo, inauma kwakweli, kinamama wanalima toka 1989.

Mwambie mama ang'oe zilizougua zote, asichukue mbegu hapo hata kidogo. Wakiweza wasogee maji marefu, Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, amefundisha vikundi kulima kotonii kwenye nyavu ndefu za duara kama bomba zinazoelea huko. Shida ni chombo na kuogelea, wengi hawajui, kwahiyo asiende peke ake, waungane kikundi wapate ngalawa. Jambiani wapo kinamama wameingia kwenye kilimo cha sponji za baharini, zile za kuogea, waende wakaone.

Mama yuko kijiji gani?