Fundi Anajibu: Deki iliyokufa umeme ulipokatika

SWALI: Shikamoo fundi. Deki yangu ya VHS haijachomolewa kwa miaka mingi, saa yake ilikuwa inawaka usiku na mchana. Wiki iliyopita umeme ulikatika hapa Kirumba tangu asubuhi hadi jioni. Uliporudi, TV na friji viliwaka, deki ikabaki kimya, hata saa haionekani. Fyuzi ya kwenye plagi ni nzima. Jirani anasema umeme ulirudi mkubwa ukaiunguza, nitupe tu. Kanda za harusi ya wazazi wangu zote ni za VHS.
*Msomaji, Kirumba*

JIBU: Marahaba. Usiitupe, na usikubali haraka kwamba imeungua. Kwa maelezo yako, deki hiyo ilikuwa mgonjwa siku nyingi. Umeme kukatika kumeufichua tu ugonjwa.

Pawasaplai ya deki huugeuza umeme wa volti 230 kuwa mkondo mnyoofu wa volti 325 hivi na kuuhifadhi kwenye kapasita kubwa ya volti 400. Kisha transista inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde kuupitisha kwenye transfoma ndogo. Ili transista ianze, inahitaji msukumo wa mwanzo kutoka kwenye rezista moja na kapasita moja ndogo. Ni kama injini ya mtumbwi: kamba unaivuta mara moja, ikishanguruma inajiendesha. Kapasita hiyo ndogo, mara nyingi mikrofaradi 1 ya volti 50 au 47 ya volti 25, hukaa ubavuni mwa bati la kupozea na huokwa na joto miaka yote deki ikiwa stendibai. Inakauka ndani. Deki inaendelea kufanya kazi kwa sababu haijazimwa. Siku ikizimwa, haiwaki tena.

Kabla ya kugusa chochote, jua hatari iliyopo. Pawasaplai isipoanza, hakuna kinachoitumia chaji ya kapasita kubwa, kwa hiyo volti 325 zinaweza kubaki pale hata baada ya kuchomoa plagi. Usiitoe chaji kwa bisibisi. Chukua balbu ya zamani ya waya, volti 230 wati 40, kwenye holda yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri. Gusisha ncha zake kwenye miguu ya kapasita kubwa kwa sekunde tano, kisha pima kwa mita ya umeme. Ikisoma chini ya volti 10, endelea.

Sasa tazama fyuzi ya ndani, ile iliyo kwenye bodi. Kioo chake kikiwa cheusi au chenye rangi ya fedha, kuna shoti: pima dayodi nne za mwanzo (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) na transista kubwa, na usiweke fyuzi mpya, achilia mbali kipande cha waya, kabla hujaiona shoti yenyewe. Fyuzi ikiwa nzima, kama tunavyotarajia kwako, washa na upime kapasita kubwa. Waya mweusi wa mita uwe kwenye mguu hasi wa kapasita hiyo hiyo, si kwenye bodi ya chuma ya deki. Pande hizo mbili hazijaungana na utapata kipimo cha uongo. Ukiona volti 310 hadi 330 lakini upande wa pili wa transfoma hakuna kitu, tatizo ni kapasita ndogo au rezista ya kuanzia. Chomoa, toa chaji upya, kisha pima rezista. Ni ya kilo-omu nyingi, na ikikatika mita haisomi kabisa.

Kuithibitisha kapasita, tumia drya ya nywele. Deki ikiwa imechomolewa na chaji imetolewa, ipashe ile ndogo moto kwa nusu dakika, weka drya kando, kisha chomeka. Saa ikiwaka, umempata mwizi. Usiitegemee sura yake, maana hizi ndogo hukauka bila kuvimba wala kuvuja. Dalili pekee huwa ni gamba la plastiki lililojikunja juu na bodi iliyogeuka kahawia chini yake. Hata mita ya kapasita inaweza kuisoma karibu na thamani yake wakati imeshakufa.

Badilisha kapasita zote ndogo za upande wa umeme mkubwa, si moja tu. Mikrofaradi ziwe zilezile, volti zilezile au zaidi kidogo, na ziwe zimeandikwa 105°C. Zile za 85°C zitakurudisha kwenye meza hii hii. Mstari wenye alama ya kutoa huelekea mguu hasi. Kazi hii usiiahirishe hata kama deki imekubali kuwaka kwa drya, kwa sababu kwenye pawasaplai nyingine kapasita iliyokauka hupandisha volti za kutokea, na hapo bodi kuu ndiyo huungua.

Mara ya kwanza kuwasha baada ya kulehemu, pitisha waya wa laini kwenye balbu ya waya ya wati 60. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, ni salama. Ikibaki kali, zima, bado kuna shoti.

SWALI: Deki yangu inalia tik-tik-tik na saa inapepesa. Fundi wa hapa alibadilisha dayodi moja, ikafanya kazi dakika kumi, ikarudia.
*Msomaji, Nansio, Ukerewe*

JIBU: Mlio huo ni wa pawasaplai inayojaribu kuanza na kujizima kwa kuzidiwa mzigo. Uliza aliweka dayodi gani. Kama ni 1N4007, ndilo kosa: hiyo ni ya umeme wa hezi 50, na baada ya transfoma hii umeme unapiga makumi ya maelfu ya hezi, kwa hiyo inachemka hadi inakufa. Inatakiwa dayodi ya kasi. Ukitaka kujua kama mzigo mbaya uko kwenye bodi kuu, chomoa waya wa kwenda huko na uweke balbu ya bodaboda ya volti 12 wati 5 kwenye laini ya volti 12. Usiiwashe bila mzigo wowote. Tik-tik ikikoma, shida iko kwenye bodi kuu, si kwenye pawasaplai.

Fungua na utazame pia kama kuna mende. Wanapenda joto la pale, na kinyesi chao kwenye unyevu wa ziwani hupitisha umeme. Futa kwa brashi na spiriti, acha ikauke kabisa.

SWALI: Nimenunua deki iliyotumika kutoka Japani, nikaichomeka, ikalipuka "pah!" na moshi.
*Msomaji, Igoma*

JIBU: Ni ya volti 100. Kapasita yake kubwa imetengenezwa kwa volti 200 hivi, wewe umeipa 325. Inatengenezeka, lakini utahitaji transfoma ya kushusha 230 hadi 100, na kanda zetu za PAL, yaani mfumo wa picha wa kwetu, hazitaonekana sawasawa kwenye deki ya NTSC, mfumo wa Japani. Kwa maoni yetu, tafuta deki nyingine.

SWALI: Deki imekufa na kanda ya pekee ya marehemu babu imo ndani. Niivute?
*Msomaji, Sengerema*

JIBU: Usiivute. Tepu imezungushwa kwenye silinda ya vichwa na itakatika. Chomoa plagi, fungua kifuniko cha juu, na usiguse upande wa pawasaplai. Tafuta mota ndogo inayoendesha mkono wa kupandisha kanda, zungusha gia yake kwa kidole, polepole, mizunguko mingi. Nguzo mbili zitaanza kurudi kwenye kaseti zikiacha tepu imelegea. Simama hapo, zungusha kitako cha gurudumu la kaseti hadi tepu yote iingie, ndipo uendelee na gia mpaka kaseti ipande.