Kiota cha jasi kwa malkia wa sisimizi na wafanyakazi 12

Ndugu, umeuliza kama uwahamishie sisimizi wako kwenye kiota cha jasi (unga wa plasta). Usiwahamishe bado. Wafanyakazi 12 ni wachache mno. Waache kwenye mrija wao wenye maji yaliyozuiwa kwa pamba mpaka wafike 30 hivi. Wakipewa nafasi kubwa mapema, pembe za mbali huzigeuza jalala.

Kiota anza sasa. Koroga jasi vikombe 2 kwa maji kikombe 1, mimina kwenye kontena bapa, ikianza kushika chonga vyumba kwa kijiko. Funika kwa kioo ikishakauka kabisa, maana jasi mbichi huota ukungu.

Maji tia upande mmoja tu, tafadhali! Upande wa pili ubaki mkavu. Sisimizi wenyewe watabeba mayai na mabuu hadi panapowafaa, na kuwatazama wakihama hivyo ni raha tupu.