Maswali Yenu: Forest Whitaker na Kiswahili cha Idi Amin

SWALI: Katika filamu ya The Last King of Scotland, Forest Whitaker, anayemwigiza Idi Amin, anazungumza Kiswahili mwenyewe au aliingiziwa sauti? Na mbona yule daktari kijana ndiye anayeonekana karibu kila mahali, halafu Oscar ya mwigizaji mkuu akapewa Whitaker? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ni sauti yake. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya nafasi hiyo, akajifunza na kupiga akodiani kwa sababu Amin alikuwa akiipiga, na akajinenepesha. Filamu ilipigwa Uganda kwenyewe, na huko alikaa na watu waliomfahamu Amin, wakiwemo ndugu zake.

Mgeni anayekariri maneno bila kujifunza lugha huumbuliwa na mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ka-RI-bu. Mmarekani huielekea KA, kisha r yake huikunja ulimini badala ya kuigonga. Ukiirudia filamu, sikiliza hapo. Ila usimpime kwa sikio la Tanga. Amin alikuwa wa kabila la Wakakwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Aliingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946. Kiswahili sanifu kinywani mwake ndicho kingekuwa kosa.

Kuhusu Oscar, hakuna kanuni inayohesabu dakika. Waigizaji walio wanachama wa Akademi, chama kinachotoa Oscar, ndio wanaopendekeza majina, na kila mmoja huamua mwenyewe kama nafasi ni kuu au ya msaidizi. Kura ya mwisho hupigwa na wanachama wa fani zote. Kampuni ya filamu nayo hufanya kampeni ikisema inamtaka nani awekwe wapi. James McAvoy, aliyeigiza daktari huyo, aliteuliwa kuwania BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, kama msaidizi, ingawa hadithi yote tunaiona kwa macho yake! Whitaker alishinda Oscar tarehe 25 Februari 2007, na hadi leo hajateuliwa mara nyingine. Kabla yake wanaume weusi waliopata tuzo hiyo ya mwigizaji mkuu walikuwa watatu tu: Sidney Poitier, Denzel Washington na Jamie Foxx.

Jambo moja lisikupotoshe: daktari huyo, Garrigan, ni mtu wa kubuniwa, ametoka kwenye riwaya. Usimtafute katika historia ya Uganda.

SWALI: Nataka kumfuatilia tangu mwanzo. Nianze na filamu ipi? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Anza na Bird ya mwaka 1988, iliyoongozwa na Clint Eastwood, ambamo anaigiza mpiga saksafoni Charlie Parker. Ndiyo iliyompa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Saksafoni unayoisikia humo kwa sehemu kubwa ni ya Parker mwenyewe: mafundi waliichomoa kwenye rekodi za zamani, wakawaita wanamuziki wapya wapige upya vyombo vilivyobaki. Filamu ikapata Oscar ya sauti. Kwa mwigizaji huo ni mtihani, maana muziki umeshapigwa na hauwezi kumngoja. Asipovuta pumzi kabla ya sauti kuanza, au vidole vikitulia huku noti zinamiminika, uongo unaonekana hata kwa asiyejua muziki. Mtazame mabega na shingo, si vidole peke yake.

Haikuwa bahati. Whitaker, mzaliwa wa Longview, Texas, mwaka 1961, alikwenda chuoni kwa ufadhili wa mpira wa Kimarekani, akaumia mgongo, akahamia uimbaji wa opera kabla ya kusomea uigizaji. Kwa maoni yetu sikio hilo la mwimbaji ndilo lililombeba kwa Parker, na ndilo lililombeba tena kwa Amin.

Baada ya Bird, tazama Ghost Dog ya 1999, ambamo hasemi sana. Ukimjua kwa Zuri wa Black Panther tu, bado hujamwona. Na ukipata The Color of Money ya 1986, msubiri kwenye meza ya pool: anaingia kama kijana bozibozi, anatoka na pesa za mhusika wa Paul Newman. Ni muda mfupi tu.

SWALI: Jicho lake la kushoto lina nini? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Kope imelegea. Ni hali ya kurithi, si jeraha wala vipodozi vya filamu.