Nyumba ya Tabata iliyoongezwa ghorofa, kibali hakionekani
Mkuu, hiyo nyumba ya Tabata, Dar, unayotaka kununua na unayosema imepandishwa ghorofa na kuongezwa vyumba vya uani, usiridhike na hati tu. Upekuzi wa ardhi, yaani kukagua kumbukumbu za kiwanja kwa msajili wa hati, utakuonyesha mmiliki na kama kuna mkopo wa benki, ila habari za ghorofa hautakuambia kitu. Mwambie muuzaji atoe kibali cha ujenzi na ramani zenye muhuri wa manispaa, akianza "vipo kwa fundi" ujue havipo, akivitoa nenda navyo manispaa walinganishe na kilichosimama pale maana wengi kibali ni cha nyumba ya chini halafu nguzo zilezile zikabebeshwa slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Vyumba vya uani mimi visingeninyima usingizi, labda kama vimeingia kwa jirani au hifadhi ya barabara, huko ndo X nyekundu za kubomolewa zinakopigwa. Ghorofa ndo ishu. Tafuta injinia wako, sio wa dalali, acheki nguzo na nyufa pale slabu inapokutana na ukuta. Na kuhalalisha hiyo ghorofa iwe juu ya muuzaji, mwanasheria aandike kwenye mkataba sehemu ya hela inabaki hadi kibali kitoke, akigoma mwachie nyumba yake.