Kabla hujashika spana, shona mfuko wa mbegu

Kila kijana anayeletwa kwangu kujifunza kazi ya visima, namtuma sokoni kwanza. Alete nusu kilo ya mbegu za kitani, zile wanazosaga watu wa lishe, kipande cha ngozi laini, na uzi wa kushonea viatu. Wengi hudhani nawatania. Wa mwisho alikuja na cheti kizuri, kijana mtaratibu, akaniuliza, "Shikamoo mzee, hizi mbegu ni za uji?" Nikamwambia ni za kuzuia maji.

Tukaishona ngozi kama mkono wa shati, urefu wa shibiri moja na nusu, wazi pande zote mbili. Tukaivisha kwenye bomba la inchi mbili, tukafunga mwisho wa chini kwa uzi, tukajaza mbegu, tukafunga na juu. Bomba tukaliziba mdomo wake wa chini, kisha tukalishusha ndani ya bomba la plastiki la inchi tatu na nusu lililosimama kwenye ukuta wa karakana. Mfuko ulipita kwa kusuguana kidogo tu. Nikaumwagia mfuko ndoo ya maji kwa juu. Yote yakashuka chururu, yakatulowesha viatu. Kijana akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama babu yake akitafuta miwani iliyo usoni. Nikamwambia afunge kizibo chini ya bomba kubwa, ajaze maji mpaka yaupite mfuko, twende zetu nyumbani.

Hicho tulichotengeneza ndicho kilichokuwa kikizuia maji katika visima vya mafuta vya Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1860. Wala hakikubuniwa na watu wa mafuta. Kilitoka kwa watu wa chumvi.

Mwaka 1806 ndugu wawili, David na Joseph Ruffner, walianza kutafuta maji ya chumvi kando ya mto Kanawha, mahali ambapo leo ni jimbo la West Virginia. Walisimamisha gogo kubwa lenye uwazi ndani, mtu akaingia akawa anachimba huku gogo likishuka, mpaka wakagonga mwamba. Hapo wakaanza kuupiga mwamba kwa patasi ndefu iliyoning'inizwa kwenye mti unaonepa. Januari 1808 walikuwa futi 58 chini, na maji ya chumvi nzuri yalikuwa yanapanda. Shida ni kwamba maji baridi ya juu, yasiyo na chumvi, nayo yalikuwa yanaingia na kuyazimua. Ukichemsha maji yaliyozimuliwa unateketeza msitu mzima kwa kilo chache za chumvi. Bomba la chuma la kununua hawakuwa nalo. Walichonga vipande viwili virefu vya mti, kila kimoja nusu bomba, wakaviunganisha, wakavizungushia kamba nyembamba kutoka juu mpaka chini. Karibu na mwisho wakaviringisha mzigo wa nguo wa kujaza tundu lenye upana wa inchi mbili na nusu. Wakausukuma pole pole mpaka ukakaa mahali pake. Chumvi ikapanda peke yake.

Waliokuja baada yao bondeni humo ndio walioacha nguo wakatumia ngozi na mbegu za kitani, wengine wakichanganya na gundi ya mti iliyosagwa. Ukiilowesha mbegu ya kitani inatoa ute kama mlenda, na inavimba. Mfuko unaoshuka umelegea unajibana wenyewe baada ya saa kadhaa, unaziba kila kona ya tundu lisilo mviringo kamili. Tundu lililopigwa kwa patasi huwa si mviringo kamili hata siku moja.

Edwin Drake alipotafuta mtu wa kumchimbia mafuta Titusville, Pennsylvania, alimchukua William Smith, mhunzi aliyekuwa amezoea visima vya chumvi. Udongo wa juu ulikuwa unaporomoka na maji yanajaa, kwa hiyo wakagongelea bomba la chuma futi 32 mpaka kwenye mwamba, ndipo wakaendelea kupiga. Tarehe 27 Agosti 1859, kwenye futi 69 na nusu, mafuta yakaonekana. Watu husherehekea mafuta. Mimi nasherehekea lile bomba, kwa sababu bila hilo kisima kingekuwa dimbwi la tope.

Sasa wewe mgeni nataka ushike maswali matatu, na uyaulize kila unapopewa kifaa chochote cha kuziba, iwe oringi, kipete cha mpira kidogo kama pete ya mtoto, au mtambo wa tani nyingi. Kinatenganisha nini na nini? Presha inakuja kutoka upande gani? Na siku ya kukitoa, kitatokaje?

La kwanza wengi hulijibu haraka, halafu hawapimi kama kifaa kimefika mahali penyewe. Hapo nina deni langu. Zamani nilikuwa kwenye visima vya maji Kanda ya Kati. Kijiji kimoja kilikuwa na maji ya chumvi juu na matamu chini, kinyume kabisa cha akina Ruffner. Wao walizuia matamu wapate chumvi, sisi tulitakiwa kuzuia chumvi tupate matamu. Kifaa chetu kilikuwa vidonge vya bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, mdogo wake mbegu ya kitani. Unavidondosha katika uwazi kati ya kesingi, yaani bomba la kinga linalobaki kisimani, na ukuta wa kisima, vinashuka mpaka kwenye kina ulichopanga, vinavimba vinaziba. Vinatakiwa vidondoshwe kidogo kidogo, na kila baada ya muda unashusha kamba yenye uzito kupima vimefika wapi.

Siku ile rigi, mtambo wetu wa kuchimbia, ilikuwa inasubiriwa kijiji kingine. Nilimimina mfuko mzima kwa mkupuo. Vidonge vikalowa njiani, vikashikana, vikajenga daraja mita chache tu kutoka juu, chini yake patupu. Kamba sikuishusha. Nikafukia, nikapiga zege juu, tukapiga picha na mwenyekiti wa kijiji. Wiki ya pili mama mmoja alimwambia fundi wa pampu kwamba chai imegeuka, hata sukari haisaidii. Kisima kile kilifungwa. Tangu hapo kamba ya kupimia iko mfukoni mwangu hata nikienda msibani.

Swali la pili, upande wa presha, utalielewa kwenye pampu ya baiskeli. Ndani ina washa ya ngozi yenye umbo la kikombe. Ukisukuma, hewa inaufungua mdomo wa kikombe na kuubana kwenye ukuta. Ukivuta, mdomo unalegea, hewa inapita pembeni. Ukiigeuza washa utapampu mpaka jioni na gurudumu litabaki bapa. Pampu za visima vya mafuta vya zamani zilitumia vikombe vya ngozi vya namna hiyohiyo kwenye pistoni, vikifuatana kadhaa, kwa sababu mchanga uliopanda na mafuta ulikuwa unavila. Na ngozi iliyokauka haizibi, lazima ilowekwe mafuta kwanza. Fundi baiskeli yeyote wa mtaani analijua hili kuliko wahandisi wengine niliofanya nao kazi.

Juu kabisa, mahali fito ya pampu inapoingia kisimani ikipanda na kushuka, kuna kisanduku cha pakingi, yaani pete laini za kuzuia uvujaji. Enzi hizo walijaza katani iliyopakwa mafuta ya mnyama, leo tuna pakingi za kununua, lakini makosa hayajabadilika. Kijana anaona tone, anachukua spana, anakaza. Tone lingine, anakaza tena, na anakaza bolti ile iliyo karibu na mkono wake tu. Glandi, kile kifuniko kinachoibana pakingi, inalala upande, inaikwaruza fito, pakingi inaungua, na kesho yake halivuji tone bali kikombe. Kaza bolti zote kwa zamu, robo mzunguko kila mara, kisha subiri uone. Ukikata pete za pakingi, zikate kwa mshazari, na maungio yake usiyapange mstari mmoja. Ukiyapanga umemchongea mafuta ngazi.

Swali la tatu ndilo lililowatesa watu wa Pennsylvania. Mfuko wa mbegu ulifungwa kwenye bomba lilelile la kutolea mafuta. Kikombe cha pampu kikiisha, lazima bomba litoke, na likitoka mfuko unachanika, mbegu zinamwagika, maji yote yaliyokuwa yamezuiwa juu yanaporomoka mpaka kwenye mwamba wa mafuta. Unarudisha pampu na mfuko mpya, unapampu maji siku nyingi kabla ya kuona mafuta, kama utayaona. Na mwamba ni mmoja chini ya mashamba ya watu wengi: kisima kilichoachwa wazi na mwenyewe akaondoka kilimjazia maji jirani asiye na kosa. Ndiyo sababu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1860 wakaanza kushusha kesingi peke yake, ikazuia maji ibaki humo, na bomba la mafuta likawa linaingia na kutoka ndani yake bila kugusa kizuizi. Utaliona kwenye kila kisima cha leo na utalichukulia kama jambo la kawaida.

Baadaye mpira ukaichukua kazi ya ngozi. Solomon Dresser wa Bradford, Pennsylvania, alipata hataza ya pakeri yake, kizibo cha kuziba uwazi kati ya bomba na ukuta wa kisima, mwaka 1880. (Tamka pakeri, usitamke "paka". Nimewahi kumsikia mtu redioni akisema paka amekwama futi elfu mbili chini, na mpishi akauliza ameingiaje.) Kanuni ya pakeri za mpira za aina ile ni rahisi: mpira unabanwa kwa uzito wa bomba lililo juu yake, na kwa kuwa hauwezi kusinyaa unatanuka ubavuni mpaka unagusa ukuta. Na mbegu hazikufa kabisa. Leo kuna pakeri za mpira unaovimba zenyewe zikikutana na mafuta au maji. Mara ya kwanza kuonyeshwa moja nilicheka peke yangu.

Saruji nayo ina hadithi yake, lakini nitaipitia haraka kwa kuwa utafundishwa darasani. Mwaka 1903, Lompoc, California, Frank Hill wa kampuni ya Union Oil alimwaga saruji chini ya kisima kuzuia maji, akasubiri siku 28 kabla ya kuendelea kuchimba. Siku 28! Leo mtu akiambiwa asubiri saa 24 ananuna.

Mtambo mkubwa wa kuzuia mlipuko, ule wanaouita bi-o-pi, ulikuja kwa sababu visima vilikuwa vinawatokea watu usoni. Spindletop, Texas, Januari 1901, mafuta yaliruka juu ya mnara siku tisa kabla ya kudhibitiwa, na watu wakafurahia hasara ile kama mvua ya neema. James Abercrombie, aliyekuwa mchimbaji, na Harry Cameron, mwenye karakana pale Humble, Texas, walitengeneza wa kwao mwaka 1922. Inasimuliwa kwamba mchoro wa kwanza Abercrombie aliuchora sakafuni, kwenye vumbi la mbao. Vipande viwili vya chuma vinasukumwa kutoka pande mbili mpaka vinalikumbatia bomba. Ni mlango, basi, na mlango hufunga kutegemea kilichosimama katikati yake. Kwenye Deepwater Horizon, rigi ya baharini katika Ghuba ya Mexico iliyolipuka Aprili 2010, bomba lilikuwa limepinda ndani ya mtambo, visu vya kukatia havikuweza kulikata na kuziba. Kabla ya hapo saruji ya chini ilikuwa imeshindwa, na kipimo cha presha kutoka chini kwenda juu, kile kilichowekwa mahsusi kulijibu swali letu la pili, kilisomwa vibaya. Watu 11 hawakurudi kwao.

Kwa hiyo ukipewa karatasi ya kipimo usiweke sahihi kwa kuwa namba inafanana na ya jana. Uliza presha ilisukuma kutoka wapi. Ukijibiwa kwa hasira, uliza tena kwa heshima, "Samahani mkuu, nieleweshe." Anayejua hukasirika dakika moja tu.

Turudi karakanani. Asubuhi tulifika kabla ya chai. Nikamwambia kijana afungue kizibo cha chini. Alisogeza miguu mbali, amejifunza. Yakatoka maji kidogo yaliyokuwa chini ya mfuko, basi. Yaliyo juu yalikaa kimya, na ukingoni mwa ngozi ulionekana ute umechomoza kama bamia iliyopikwa sana. Akachukua tochi, akachungulia kwa chini, akagusa kwa kidole, akanusa. Halafu akasema neno lililonifanya nimpende: "Sasa tunalitoaje?"

Nikamwambia hilo ni lake. Alivuta kwa mikono, halikusogea. Akafunga kamba, akamwita mwenzake, wakavuta wawili wakiwa wameegemeza miguu ukutani. Uzi wa juu ukakatika, mbegu zikabubujika, na ndoo nzima ya maji yenye mlenda ikawashukia kifuani. Walipomaliza kufuta sakafu nikampa kipande kingine cha ngozi.